Shangazi, mkoba ni wangu na picha ni yangu, lakini jina ni la mwingine

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, naishi Pangani, upande wa Bweni ng'ambo ya mto. Kazi yangu ni kusuka. Bibi mzaa mama alinifundisha kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka au mkoba, nikiwa darasa la nne, na sijaacha mpaka leo. Nimesuka mikeka, misala na makawa, lakini kwa miaka sita hii nasuka zaidi mikoba ya kina dada wa mjini, ile ya ukindu uliotiwa rangi, yenye vishikio vya ngozi na kitenge ndani.

Zamani nilikuwa nauza hapa hapa kijijini na kwa wageni wachache wanaopita. Kisha akatokea kaka mmoja wa Dar es Salaam, naomba nisimtaje. Alianza na mikoba mitano, akarudi akachukua kumi, na sasa kila baada ya miezi miwili anachukua 12 mpaka 15. Ananilipa shilingi 15,000 kwa mkoba, na analipa siku hiyo hiyo, hilo siwezi kumsingizia. Mkoba mmoja unanichukua siku tatu, saa nne au tano kwa siku: kuchana ukindu, kuchemsha rangi, kuanika, kusuka pima sita za ukili, kushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, halafu kutia kitambaa na vishikio. Vifaa vyote pamoja na kuni ni kama shilingi 8,000.

Mwaka juzi binti wa dada yangu alinifungulia ukurasa wa Instagram na WhatsApp ya biashara. Nikawa naweka picha za mikoba yangu, nimeishika mwenyewe kibarazani. Sasa mwezi wa pili huu, binti huyo akiwa Dar, akanitumia ukurasa wa duka nisilolijua. Shangazi, nikaona mkono wangu. Mkoba wangu, vidole vyangu, hata pete ya fedha aliyoniachia bibi. Juu ya picha wameandika jina la duka kwa herufi za kupendeza, bei 55,000, na chini yake: "Imesukwa na mafundi wetu." Duka ni la yule kaka. Mimi sijawahi kuwa fundi wa mtu.

Nilipompigia aliniambia, "Dada, mimi natafuta wateja, wewe unasuka, kila mtu na kazi yake." Nikanyamaza. Sare za watoto na michango ya shule vimetoka mfukoni mwake.

Nikaamua kuuza mwenyewe kwa simu. Niliweka bei ya 25,000 ili nimshinde. Hapo ndipo nilipojua taabu. Watu wanauliza "bei?", "mwisho bei gani?", "Mbeya unaleta?" mpaka saa tano usiku. Wiki moja niliandika kwenye daftari: walionitafuta ni watu 61, walionunua ni watatu, mkoba mmoja mmoja. Simu inanila saa tatu kwa siku. Mume wangu si mtu wa maneno, lakini juzi aliniuliza, "Unasuka au unachati?" Sikuwa na jibu.

Na mwezi uliopita nilitapeliwa. Mteja alitaka mikoba mitatu ipelekwe Morogoro. Ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba nimepokea 75,000. Nikakimbilia stendi kupakia mzigo kwenye basi. Jioni nikaenda kwa wakala kutoa pesa, hakuna kitu. Namba yake haipatikani tena. Niliona aibu kuliko nilivyoona hasara, sikumwambia mtu.

Sasa kuna mama mmoja yuko Muscat, Kiswahili chake ni cha Unguja kabisa, ana duka la nguo. Ameona ukurasa wangu, anataka mikoba 40 ndani ya wiki sita, na anasema atalipa mzigo ukimfikia. Anasubiri nimtajie bei. Mama yangu ananiambia niachane na mambo ya mtandao, picha zinavuta jicho la watu. Shangazi, nimwache yule kaka? Niichukue kazi ya Muscat? Au nifunge ukurasa nirudi kusuka kama zamani?

Mwanao, msusi wa Bweni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu na karatasi. Umenipa namba zote zinazohitajika, ila hujazikutanisha. Naomba tuzikutanishe kabla sijakwambia chochote kuhusu yule kaka, maana hasira yako ni ya haki lakini haijui hesabu.

Mkoba mmoja, tuseme saa 14. Kaka anakupa 15,000, ukitoa vifaa inabaki 7,000. Ukiigawa kwa saa 14, unalipwa shilingi 500 kwa saa.

Sasa mkoba unaouza mwenyewe kwa 25,000. Ukitoa vifaa inabaki 17,000. Ukiiangalia hivi unaona umemshinda mbali. Lakini simu inakula saa tatu kwa siku, yaani saa 21 kwa wiki, na wiki ile uliuza mikoba mitatu. Kila mkoba ulikula saa saba za simu juu ya saa 14 za kusuka. Gawa 17,000 kwa saa 21 uone. Hazifiki shilingi 810. Umepoteza usingizi, umepunguza ukili wa siku, umeulizwa swali na mumeo, na tofauti yenyewe kati ya kaka na mtandao ni shilingi 300 na kitu kwa saa.

Mama yangu naye alisuka. Mikeka yake ilikuwa inachukuliwa na mnunuzi aliyekuja kila baada ya mavuno, na sikumbuki hata siku moja mtu yeyote akihesabu siku alizokaa pale chini, si mnunuzi, si baba, si yeye mwenyewe. Miyaa, yale majani ya kusukia, ilikuwa ya bure kutoka porini, kwa hiyo kila mtu aliona fedha iliyolipwa ni faida tupu. Mgongo wake haukuingia kwenye hesabu. Nikiona 15,000 namwona yeye, ndiyo maana nimeanzia hapa.

Kwa hiyo weka bei mbili. Ya kwanza ni bei ya jumla, ya mtu anayechukua kuanzia mikoba kumi, anayelipa mara moja na hakuulizi maswali usiku. Hiyo iwe 27,000. Ukitoa vifaa unabaki na 19,000 kwa saa 14, zaidi ya 1,350 kwa saa. Ya pili ni bei ya rejareja, ya mteja mmoja mmoja wa kwenye simu, iwe 45,000. Umeshtuka? Yule kaka anauza 55,000 na watu wananunua. Mkoba unaonunuliwa ni ule ule.

Na hiyo 25,000 ifute leo. Uliiweka ili umshinde kaka, lakini aliyeumia ni wewe. Zaidi ya hapo, hakuna duka lolote litakalokubali kununua kwako kwa jumla likikuta mtandaoni unauza rejareja kwa bei ya chini kuliko bei yao ya kununulia. Mwenye duka akishagundua hivyo hakwambii kitu, haonekani tena tu. Bei yako ya rejareja ikae karibu na ya maduka. Huko ndiko kumlinda mnunuzi wako wa jumla, na yeye akulinde.

Sasa tuje kwa kaka mwenyewe. Amekukosea, na kosa lake lina sehemu mbili ambazo usizichanganye, maana kila moja ina dawa yake.

Bei si wizi. Alikutajia 15,000 ukakubali. Kubeba mzigo kutoka Pangani, kulipa pango la duka, kukaa na mkoba miezi miwili haujanunuliwa, hiyo nayo ni kazi. Aliposema kila mtu na kazi yake, hapo hakukosea. Bei unaibadilisha kwa kumwambia bei mpya.

Jina na picha ni jambo jingine kabisa. Picha uliyoipiga wewe ni mali yako tangu dakika uliyoipiga. Ndivyo inavyosema Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na huhitaji kuisajili kwanza popote ndipo iwe yako. Kama nyingine alizipiga binti wa dada yako, hizo ni zake, mwombe ruhusa mkae sawa. Kaka hakuwa na ruhusa ya kuzichukua, na maneno "mafundi wetu" ni uongo juu ya mtu aliye hai. Leo hii, kabla hujamwambia chochote, piga nakala ya ukurasa wake kwenye simu, picha zote zenye mkono wako, tarehe ionekane. Instagram wana fomu ya kulalamikia picha iliyochukuliwa, na Ofisi ya Hakimiliki ipo. Lakini hizo ziweke akiba. Anza na mazungumzo.

Jambo moja lazima nikwambie ingawa halitakufurahisha: mtindo wa ukili si wako peke yako. Wala si wake. Ni wa bibi zetu, kuanzia Lamu mpaka Mafia. Mtu akisuka mkoba unaofanana na wako huna la kumfanya, na usipoteze usiku wako kwa hilo. Unachomiliki ni picha zako, jina lako na mkono wako, na hivyo vitatu vinatosha kufanyia biashara.

Nenda kwa fundi cherehani akutengenezee vitambaa vidogo vya kushona ndani ya mkoba. Viwe vya aina mbili. Kimoja kiandikwe jina lako na "Imesukwa Pangani", bila namba ya simu. Hicho ni cha mikoba ya kaka na maduka mengine. Cha pili kiwe na jina na namba ya simu, kwa mikoba unayouza mwenyewe. Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu anachokiogopa kaka ni mteja wake kukupigia wewe moja kwa moja. Ukimwondolea hofu hiyo, hana sababu ya kukificha kitambaa, na jina lako linaingia Dar es Salaam ndani ya mkoba wenyewe. Jina hilo nenda kalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama jina la biashara kabla hajawahi mtu mwingine. Maombi yanafanyika kwa mtandao, binti wa dada yako ataweza.

Utaniuliza, je, akikataa? Nimekufanyia hesabu hiyo pia. Leo anachukua mikoba 15, unabaki na 105,000 baada ya kukaa chini saa 210. Akikasirika akachukua mikoba kumi tu kwa 27,000, unabaki na 190,000 kwa saa 140. Umepata zaidi, na saa 70 zimerudi mikononi mwako. Akikataa kabisa, hilo litauma, sikufichi, kwa hiyo usimfukuze wewe. Mpe bei mpya ianze mwezi ujao, mzigo wa mwezi huu mmalizie kwa bei mliyokubaliana, na wakati huo huo tafuta wanunuzi wawili wengine wa jumla. Hoteli za ufukweni ziko hapo kwenu Pangani. Maduka ya zawadi yako Tanga, Bagamoyo na Unguja. Nenda na mkoba mmoja mkononi, siyo na picha.

Simu nayo tuiwekee mpaka. Watu 61 waliokuandikia wengi wao waliuliza bei kwa sababu hukuiandika. Sijui nani alitufundisha hii tabia ya "bei njoo inbox". Labda inamfaa mwenye duka la wasaidizi wanne. Wewe una mikono miwili, na yote miwili ina ukindu. Chini ya kila picha andika bei, urefu na upana kwa sentimita, rangi zilizopo, siku utakazohitaji kumsukia mtu wake, na kwamba nauli ya basi ni juu ya mnunuzi. WhatsApp ya biashara ina katalogi, jaza humo mikoba yako yote, na ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja ukayatuma kwa kugusa tu. Atakayekuja baada ya kusoma hayo ni mnunuzi, siyo mpita njia. Anayeuliza "mwisho bei gani" mjibu kwa heshima, "Bei ndiyo hiyo dada, ni kazi ya mkono ya siku tatu," basi. Usiongeze neno.

Kisha chagua saa moja tu ya kujibu, nusu saa baada ya chakula cha mchana na nusu saa baada ya Isha. Muda mwingine zima data. Kwa 45,000, ukitumia saa saba za simu kwa wiki badala ya 21, hata ukiuza mikoba ile ile mitatu unapata zaidi ya 2,200 kwa kila saa uliyoitumia, ya kusuka na ya simu. Mumeo akiuliza tena, mwonyeshe daftari.

Kuhusu picha, piga asubuhi kwenye kivuli cha kibaraza, jua kali linafanya rangi zidanganye na mteja akipokea mkoba atasema si ule aliouona. Onyesha na ndani. Onyesha mtu ameuvaa begani, watu wajue ukubwa. Na mkono wako usiuondoe! Najua baada ya yaliyotokea unatamani kuuficha. Ongeza. Piga video fupi unasuka, sauti yako ikieleza ukindu unavyochemshwa. Picha ya mkoba mtu anaweza kuibandika jina lake, sauti yako hawezi.

Mama yako nimemsikia na simpuuzi. Mambo ya jicho wazee wetu hawakuyasema bure, na kuna kweli nyingine ndani yake: mtandaoni humjui anayekutazama. Kwa hiyo watoto wasionekane, nyumba kwa nje isionekane, usiseme lini uko peke yako. Mikono, ukindu na mkoba vinatosha. Mweleze hivyo, nadhani atatulia.

Kitu kimoja zaidi kabla sijaenda Muscat. Kila anayenunua, andika jina lake na namba yake kwenye daftari la karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kadhaa, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikasumbua Tanzania kwa siku kadhaa. Waliokuwa na wateja wao ndani ya simu tu walikaa wakisubiri. Mwenye namba kwenye daftari aliweza kupiga simu ya kawaida akaendelea.

Utapeli: usione aibu, wamelizwa mpaka wenye maduka makubwa Kariakoo. Ujumbe wa kweli wa malipo unakuja kwa jina la huduma, hauji kutoka namba ya mtu, lakini wewe hata huo usiutegemee. Angalia salio mwenyewe kwenye menyu, kama uko M-Pesa ni *150*00#, ukiona fedha imeingia ndipo uende stendi. Namba ya yule tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na mwambie mumeo. Siri hii inakuchosha bure.

Sasa Muscat. Hii kazi naitamani uipate, ndiyo maana sitaki uikimbilie. Mikoba 40 ni saa 560. Wewe ukisuka saa tano kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki sita unapata saa 180. Hata mikoba 13 hutamaliza. Unahitaji wasusi wengine watatu. Mkiwa wanne mna saa 720, mnamaliza 40 na mnabaki na muda wa mikoba 11 ya kaka. Inawezekana, lakini wapate leo kabla hujatamka neno kwa yule mama.

Na hapa, mwanangu, naomba unisikilize vizuri kuliko kote. Wale wanawake watatu usiwafanyie ulichofanyiwa. Waambie bei mnayouzia. Ukitoa vifaa kwenye 27,000 inabaki 19,000. Wape 16,000 kwa mkoba na 3,000 uchukue wewe, kwa sababu wewe ndiye utakayekagua, utakayeongea na mteja na utakayebeba lawama. Sema hivyo mbele yao wote. Na kila mkoba ushonwe kitambaa chenye jina la aliyeusuka.

Kulipwa mzigo ukifika, hapana. Vifaa peke yake ni 320,000, utazitoa wapi? Mwombe arubuni ya nusu, 540,000 katika 1,080,000, kabla hamjachana hata jani moja. Nusu ya pili ailipe mikoba ikiwa tayari, kabla haijaondoka. Usafiri na ushuru wa huko ni juu yake. Lakini jiweke na wewe kwenye nafasi yake: yuko mbali, hakujui, ameona picha tu, na wewe mwenyewe umeona picha zinavyoweza kusema uongo. Familia ya Kiunguja iliyoko Muscat ni nadra kukosa ndugu Unguja au Dar. Mwambie amtume ndugu yake aje aione mikoba, aishike, aikague, ndipo alipe iliyobaki. Akiwa mtu wa kweli atafurahi umelisema hilo. Akikataa arubuni na ndugu pia, mshukuru, umwache.

Ukindu wa mikoba yote 40 chemsheni rangi kwa mkupuo mmoja au miwili, la sivyo nyekundu ya wiki ya kwanza haitafanana na ya wiki ya tano. Sugua kila rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa, ikichuja irudi kwenye sufuria. Na mikoba ikauke kabisa kabla ya kufungwa, maana unyevu mdogo ndani ya boksi unatosha kuota ukungu njiani na mama wa watu akafungua harufu. Kwa kuwa ukindu ni jani, nenda mapema kwenye ofisi ya afya ya mimea na kwa wakala wa mizigo uulize kama mzigo huo unahitaji cheti. Usisubiri siku ya kusafirisha.

Yule mama mpigie, usimwandikie. Kiswahili chenu ni kimoja, mtaelewana haraka. Kaka, yeye mwandikie, ibaki kumbukumbu. Nimekuandalia maneno, yabadilishe yafanane na wewe:

"Kaka, asalaam aleikum. Mzigo wa mwezi huu utaupata kwa bei tuliyozoea. Kuanzia mwezi ujao mkoba ni shilingi 27,000, kuanzia kumi, na kila mkoba utakuwa na kitambaa chenye jina langu ndani, bila namba ya simu. Wateja wako ni wako. Picha zangu ulizoweka naomba uziondoe ndani ya siku saba, au uzibakize na uandike chini kwamba nimesuka mimi, kwa jina langu. Nimefurahi kufanya kazi na wewe na ningependa tuendelee."

Itume kesho, saa yako ya simu ikifika baada ya chakula cha mchana. Asubuhi suka kwanza.